Nauli ya Kurudi: Setilaiti ya Tani Saba na Roketi Iliyotua Baharini

Usiku wa tarehe 22 Julai 2018, saa 7:50 kwa saa za Florida, roketi ya Falcon 9 iliondoka Cape Canaveral ikiwa imebeba Telstar 19 Vantage, setilaiti ya mawasiliano ya kampuni ya Telesat ya Kanada. Setilaiti hiyo ilikuwa na uzito wa kilo 7,075. Hakuna setilaiti ya mawasiliano ya kibiashara iliyokuwa imewahi kurushwa ikiwa nzito kiasi hicho. Rekodi ya awali, kilo 6,910, ilishikiliwa na TerreStar-1, iliyopaa kwa roketi ya Ariane 5 mwaka 2009. Dakika nane na ushei baada ya kuondoka, hatua ya kwanza ya Falcon 9, yaani sehemu yake ya chini inayoachana na nyingine njiani, mnara mtupu wenye urefu wa zaidi ya mita 40, ilishuka juu ya moto wake yenyewe na kusimama kwa miguu minne kwenye tishari lililokuwa likisubiri katikati ya Atlantiki.

Ukizisikia habari hizo mbili kwa pamoja, rekodi ya uzito na roketi kurudi salama, unaweza kudhani kwamba SpaceX, kampuni yenye roketi hiyo, walikuwa wamegundua nguvu mpya. Lakini hesabu inagoma. Mwaka mmoja kabla, tarehe 5 Julai 2017, kampuni hiyohiyo ilirusha Intelsat 35e yenye kilo 6,761, nyepesi kuliko Telstar kwa kilo 314. Safari hiyo hatua ya kwanza haikufungwa hata miguu. Ilichoma mafuta yake yote na kuachwa iangukie baharini. Ni kweli kwamba roketi ya 2018 ilikuwa toleo jipya lenye nguvu zaidi kidogo. Tofauti hiyo peke yake haitoshi kueleza kilichotokea.

Jibu ni kwamba setilaiti hizi mbili hazikushushwa kituo kimoja. Intelsat 35e ilifikishwa karibu na mlango. Telstar 19 Vantage ilishushwa njiani, ikamalizia safari kwa mafuta yake yenyewe. Roketi kurudi nyumbani kuna nauli yake, na mara hii aliyeilipa ni abiria.

Inakoelekea setilaiti

Setilaiti nyingi kubwa za mawasiliano hukaa juu ya ikweta, kilomita 35,786 kutoka usawa wa bahari. Umbali huo una sababu. Kadiri chombo kinavyokuwa mbali na dunia, ndivyo kinavyozunguka polepole na ndivyo mzunguko wake unavyokuwa mrefu. Kwenye kilomita mia chache, mzunguko mmoja huchukua kama dakika 90. Kwenye kilomita 35,786 huchukua muda uleule ambao dunia hutumia kujizungusha mara moja. Kwa hiyo, kwa mtu aliye chini, setilaiti huonekana imeganda mahali pamoja angani, na dishi lililofungwa ukutani likielekezwa huko halihitaji kuguswa tena.

Roketi nyingi hazipeleki mzigo mpaka huko juu. Huiacha setilaiti kwenye obiti (njia ya kuizunguka dunia) ya mpito: yai refu ambalo ncha yake ya chini iko kilomita mia mbili au tatu juu ya dunia, na ncha ya juu inagusa, au inakaribia, kilomita 35,786. Kutoka hapo setilaiti huwasha injini yake kila inapofika ncha ya juu, ikilipanua yai hilo hadi liwe duara.

Kasi zinazohitajika zinaeleza mengi. Kukaa kwenye obiti ya chini kunataka kama kilomita 7.8 kwa sekunde. Kuingia kwenye obiti ya mpito kunataka kilomita 10.2 kwa sekunde hapo chini. Ikifika juu, setilaiti imechoka kama jiwe lililotupwa wima: inasogea kwa kilomita 1.6 kwa sekunde tu, ilhali ili ibaki huko inahitaji 3.07. Pengo hilo lazima lizibwe na setilaiti yenyewe.

Kisha kuna mwinamo. Cape Canaveral iko latitudo 28.5 kaskazini, na roketi inayorushwa moja kwa moja kuelekea mashariki kutoka pale huingia kwenye obiti iliyoinama kama nyuzi 28 dhidi ya ikweta. Setilaiti lazima iunyooshe mwinamo huo mpaka ufike sifuri, na kugeuza njia ya kitu kinachokwenda kasi ni kazi ya gharama kubwa. Ndiyo maana hufanywa kule juu, mwendo unapokuwa mdogo zaidi. Ukijumlisha kunyoosha na kukuza mzunguko, setilaiti inayotoka Florida hudaiwa nyongeza ya kasi ya takriban mita 1,800 kwa sekunde. Inayotoka Kourou, Guiana ya Ufaransa, latitudo 5 tu kaskazini, hudaiwa takriban mita 1,500. Tofauti hiyo ndiyo iliyowafanya watu wa kampuni ya Sea Launch, kuanzia 1999, wavute jukwaa lao la kurushia roketi mpaka katikati ya Bahari ya Pasifiki, juu ya ikweta kabisa.

Hapa kuna jambo dogo ambalo mtazamaji wa urushaji hulikuta bila kuelezwa. Hatua ya pili ya roketi huwaka, hufika obiti ya chini, kisha hujizima na kuelea kimya kwa karibu dakika 20. Haijaharibika. Inangoja kuvuka ikweta, kwa kawaida juu ya Atlantiki karibu na pwani ya Afrika Magharibi. Ikiwaka tena mahali hapo, ncha ya juu ya yai nayo itaangukia juu ya ikweta, upande wa pili wa dunia, pale ambapo setilaiti itafanya kazi yake ya kunyoosha. Mwako huo wa pili ni wa dakika moja hivi.

Kwa nini inakuwa nzito hivyo

Watu wakisikia tani saba hudhani ni tani saba za mitambo. Sivyo. Kwa setilaiti ya namna hii, inayotumia injini za kemikali, zaidi ya nusu ya uzito siku ya kurushwa ni mafuta. Kilichobaki ni antena, vipaza mawimbi, betri, mabawa ya sola na kiunzi cha kushikilia vyote hivyo. Mafuta yenyewe yana kazi mbili: sehemu kubwa huisha katika wiki za mwanzo kwa kupanda kutoka obiti ya mpito, na sehemu ndogo hutunzwa kwa miaka 15 au zaidi ya kujisahihisha, kwa sababu mvuto wa mwezi na jua huisogeza setilaiti kutoka mahali pake. Mafuta hayo ya mwisho yakiisha, setilaiti huwa imefika mwisho wa kazi hata kama vyombo vyote ni vizima.

Kwa hiyo rekodi ya uzito ina ujanja ndani yake. Setilaiti inaweza kuwa nzito zaidi kwa sababu ina kazi nyingi zaidi ya kupanda peke yake. Kuihesabu rekodi ya Telstar 19 Vantage kama ushindi mtupu wa roketi ni kusoma nusu ya risiti.

Tatizo la msingi lilielezwa na Mrusi Konstantin Tsiolkovsky mwaka 1903. Kila nyongeza ya kasi unayoitaka haijumlishi mafuta, huyazidisha. Mafuta ya dakika ya mwisho lazima yabebwe na mafuta ya dakika ya kabla yake, na hayo nayo yabebwe na ya kabla yake zaidi. Ndiyo maana Falcon 9 ina uzito wa tani 549 ikiwa kwenye jukwaa, ili tu ipeleke tani chache mbali. Na ndiyo maana roketi hugawanywa kwa hatua: ukishachoma mafuta, hakuna faida ya kuendelea kubeba tangi tupu.

Mgawanyo huo wa hatua ndio unaofanya kurudi kuwezekane. Hatua ya kwanza ina injini tisa za Merlin na takriban tani 400 za mafuta ya taa yaliyosafishwa na oksijeni ya kimiminika, lakini kazi yake ni fupi. Inaisukuma roketi kutoka kwenye hewa nzito, na baada ya dakika mbili na nusu hivi inaachana nayo, ikiwa kwenye kimo cha kilomita 60 au 70 na kasi ya zaidi ya kilomita 8,000 kwa saa. Hiyo ni chini ya robo ya kasi inayotakiwa na setilaiti. Hatua ya pili, yenye injini moja, ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kasi.

Kwa kuwa hatua ya kwanza haifiki obiti, uzito unaoongezwa juu yake hauumi kama ulioongezwa juu ya hatua ya pili. Kilo moja ya ziada kwenye hatua ya pili inakula kilo moja nzima ya setilaiti, kwa maana vyote viwili vinafika mwisho wa safari. Kilo moja ya ziada kwenye hatua ya kwanza, iwe ni mguu au ni mafuta yaliyobakizwa, inakula sehemu tu ya kilo. Hata hivyo vipande hivyo hujumlishwa. SpaceX ilikuwa ikitangaza kwamba Falcon 9 inaweza kupeleka hadi kilo 8,300 kwenye obiti ya mpito ikitumia nguvu zake zote, ila kwa bei ya kawaida ya dola milioni 62 iliahidi kilo 5,500. Karibu theluthi moja ya uwezo inabaki mezani, na sehemu kubwa ya hiyo ndiyo gharama ya kurudi.

Kushuka

Kurudi kwa hatua ya kwanza kumeonyeshwa mara nyingi kiasi kwamba kumeanza kuonekana kitu cha kawaida. Inafaa kukumbuka ugumu wake.

Baada ya kutengana, hatua ile haianzi kuanguka mara moja. Kwa msukumo uliobaki huendelea kupanda mpaka ivuke kilomita 100, mahali ambapo hewa haipo kwa maana yoyote ya usukani. Vitoa gesi vidogo vya nitrojeni huigeuza ili injini zitangulie. Katika safari za mizigo myepesi kwenda obiti ya chini, injini huwashwa hapo ili kuirudisha mpaka nchi kavu, karibu na ilikotoka. Safari ya setilaiti nzito hainayo anasa hiyo. Kugeuza mwendo wa kilomita mbili na zaidi kwa sekunde, kisha kurudi njia nzima, kungekula mafuta yasiyokuwapo. Basi badala ya roketi kurudi pwani, uwanja hupelekwa inakoangukia: tishari lenye sitaha ya takriban mita 90 kwa 50, kilomita zaidi ya 600 kutoka pwani, lisilo na mtu hata mmoja ndani, linaloshikilia mahali pake kwa injini zake na mwongozo wa setilaiti. La usiku ule liliitwa Of Course I Still Love You (Bila Shaka Bado Nakupenda), jina lisilofanana na kazi yake ya kupokea chuma chenye moto.

Kisha hatua hukutana na hewa. Nishati ya kitu kinachosogea huongezeka kwa mraba wa kasi yake, na joto linalokipiga kinapoingia hewani hukua haraka zaidi ya hapo, karibu na kasi mara kasi mara kasi. Kwa hiyo hatua inayorudi kutoka safari ya setilaiti ya mawasiliano, ikienda kasi kidogo tu kuliko ile inayorudi kutoka safari ya obiti ya chini, hupata adhabu kubwa kuliko tofauti hiyo inavyoonyesha. Ili isiungue, injini tatu kati ya tisa huwashwa kwa muda mfupi kabla haijaingia kwenye hewa nzito. Mwako huo hupunguza kasi, na moshi wake unaotangulia mbele husaidia kuzuia joto lisifike kwenye injini. Usipokuwa na mafuta ya mwako huo, hakuna kitakachofika chini cha kutua.

Baada ya hapo usukani unashikwa na mapezi manne yaliyo juu ya hatua, kila moja kama wavu wa chuma. Zamani yalitengenezwa kwa alumini na kupakwa kinga, na katika safari kali kingo zake zilikuwa zikiungua. Kuanzia Juni 2017 yalianza kubadilishwa kwa ya titani, yanayostahimili joto bila kupakwa kitu.

Sehemu ya mwisho ndiyo inayonishangaza zaidi, hata leo. Injini moja ya Merlin, ikipunguzwa hadi kiwango chake cha chini kabisa, bado inasukuma kwa kani kubwa kuliko uzito wa hatua iliyo karibu tupu. Maana yake ni kwamba roketi hii haiwezi kuelea juu ya tishari ikitafuta mahali pazuri, kama helikopta inavyofanya. Ikiwashwa mapema, itasimama angani, kisha ianze kupanda tena. Ikichelewa, itaipiga sitaha. Lazima kasi ifike sifuri wakati uleule ambao kimo kinafika sifuri, na nafasi ya kujaribu ni moja. Kompyuta hufanya hesabu hiyo upya mara nyingi kwa sekunde huku upepo ukisukuma na sitaha ikipanda na kushuka.

Mafuta yakiwa kidogo, ujasiri huongezwa. Njia ya kubana matumizi ni kufunga breki kwa kuchelewa na kwa nguvu: injini tatu kwa sekunde chache badala ya moja kwa muda mrefu. Kila sekunde unayokaa angani ukipambana na uvutano ni mafuta yaliyopotea bila kupunguza kasi, kwa hiyo breki kali huokoa mafuta. Breki kali pia huacha nafasi ndogo ya kosa. Machi 2016, katika safari ya SES-9 ya kilo 5,271, SpaceX walisema mapema kwamba hawatarajii kufanikiwa, na hatua ile ikalibamiza tishari. Miezi miwili baadaye, tarehe 6 Mei, hatua iliyopeleka JCSAT-14 ikawa ya kwanza kutua salama kutoka safari ya namna hii. Ile ya Thaicom 8, mwezi huohuo, ilifika kwa kasi iliyo karibu na mwisho wa uwezo wa miguu yake, ikarudi bandarini ikiwa imeinamia upande. Juni ikaja nyingine, ikaishiwa mafuta muda mfupi tu kabla ya kugusa sitaha.

Huo ndio uliokuwa ukingo wenyewe, kwa mizigo ya tani tatu hadi tano. Ya tani saba ingepitaje?

Hesabu ya kituo cha njiani

Telstar 19 Vantage iliachwa kwenye obiti ambayo ncha yake ya chini ilikuwa kama kilomita 240, na ncha ya juu kama kilomita 17,900. Tazama namba hiyo ya pili. Ni nusu tu ya kimo cha mwisho. Intelsat 35e, kwa kulinganisha, ilirushwa mpaka ncha yake ya juu ikapita kimo cha mwisho na kukaribia kilomita 43,000, jambo linaloifanya kazi ya kunyoosha mwinamo iwe rahisi zaidi.

Nimekaa na kalamu kupiga hesabu ya gharama ya kushushwa huko. Kwenye ncha ya chini, setilaiti iliyo kwenye obiti ya kilomita 17,900 inakwenda kama kilomita 9.73 kwa sekunde. Ili ncha ya juu ifike kilomita 35,786, inahitaji kilomita 10.2. Pengo ni mita 480 hivi kwa sekunde, ambazo kwa kawaida zingetolewa na hatua ya pili ya roketi na sasa zinatolewa na setilaiti, juu ya zile 1,800 ambazo ingedaiwa vyovyote vile. Kwa injini ya kawaida ya setilaiti, kuongeza mita 480 kwa kitu cha tani saba kunachoma karibu tani moja ya mafuta.

Tani moja, basi, ndiyo nauli. Wahenga walisema ukitaka cha mvunguni sharti uiname, na hapa kilichoinamishwa ni obiti yenyewe.

Swali linalofuata ni kwa nini mwenye setilaiti akubali. Kwa upande mmoja, mafuta kwenye tangi la setilaiti ni kitu cha bei nafuu kulinganisha na hatua ya kwanza nzima. Mwezi Mei 2018 Elon Musk, mwasisi wa SpaceX, alisema hatua ya kwanza ni takriban asilimia 60 ya gharama ya roketi. Mteja anayekubali kushushwa njiani anaweza kupata urushaji wa bei ya kawaida badala ya kulipia roketi nzima itupwe. Kwa upande mwingine, setilaiti iliyoundwa tangu mwanzo na tangi kubwa inaweza kubeba gharama hiyo bila kupunguza miaka yake ya kazi. Ikiundwa na tangi dogo, tani hiyo ingetoka kwenye akiba ya miaka 15 ijayo, na hakuna mhasibu ambaye angeitia saini. Kwa hiyo mapatano haya hufanywa mapema sana, setilaiti ikiwa bado michoro, wala hayaamuliwi usiku wa kurusha.

Wapo wanaolipa nauli kwa muda badala ya mafuta. Machi 2015 Falcon 9 moja ilipeleka setilaiti mbili kwa mpigo, ABS-3A na Eutelsat 115 West B, zote zikitumia injini za umeme peke yake. Injini hizo husukuma kwa nguvu ndogo mno, lakini kwa kila kilo ya gesi hupata msukumo mwingi zaidi kuliko injini ya kemikali. Setilaiti huwa nyepesi, lakini safari inayochukua wiki chache inakuwa ya miezi, na kwa miezi hiyo haiuzi huduma yoyote.

Na kuna wanaoongeza ukubwa wa gari. Falcon Heavy ni roketi ya SpaceX yenye hatua za kwanza tatu zilizofungwa pamoja. Aprili 2019 ilipeleka Arabsat 6A ya kilo 6,465, na zote tatu zikatua. Ya katikati ikaangushwa na mawimbi ikiwa tayari iko juu ya tishari, kwa kuwa roboti ya kuikamata chini haikuwa imetengenezewa umbo lake. Julai 2023 ilipeleka Jupiter 3 yenye takriban tani 9.2, iliyoivunja rekodi ya Telstar kwa mbali. Safari hiyo za pembeni mbili zilirudi nchi kavu, ya katikati ikatolewa sadaka. Hata kwa roketi kubwa kiasi hicho, kitu kilibidi kiachwe.

Maisha ya namba 1047

Hatua ya kwanza iliyotua usiku ule wa Julai 2018 ilikuwa na namba B1047. Ilisafirishwa bandarini Port Canaveral, ikakaguliwa, na tarehe 15 Novemba mwaka uleule ikapaa tena na Es'hail 2 ya Qatar, setilaiti ya kilo 5,300 hivi. Uzito huo uko ndani ya kilo 5,500 zilizotangazwa, kwa hiyo mara hii abiria alifikishwa kwenye obiti ya mpito ya kawaida na roketi ikatua bila mtu kudaiwa zaidi. Es'hail 2, nikipita tu, ilibeba pia chombo cha kwanza cha wapenzi wa redio kuwahi kuwekwa kwenye kimo kile, na watu wenye antena ndogo huongea kupitia humo toka bara hadi bara.

Safari ya tatu ilikuwa na historia nzito zaidi. Tarehe 1 Septemba 2016, roketi moja ya Falcon 9 ililipuka ikiwa bado kwenye jukwaa, katika maandalizi ya jaribio la injini, siku mbili kabla ya kurushwa. Juu yake ilikuwa imeshafungwa Amos-6, setilaiti ya kampuni ya Spacecom ya Israeli, ikateketea pamoja nayo. Spacecom ilibaki na haki ya urushaji mwingine, ikaitumia kwa Amos-17, iliyoundwa na Boeing ili kuhudumia Afrika kutoka longitudo 17 mashariki. Uzito wake ulikuwa kilo 6,500.

Tani sita na nusu zinaweza kupelekwa kwa njia ya Telstar, zikishushwa mapema. Lakini safari hii haki ya kurudi haikudaiwa. Setilaiti ilipewa nguvu yote, kila lita, na mafuta ambayo ingeyachoma kupanda yakabaki kwenye tangi lake kwa ajili ya miaka ya kazi.

Mafundi waliifungua B1047 miguu yake minne na mapezi yake ya titani, kwa kuwa isingevihitaji tena, na vyote vilikuwa na kazi kwingine. Tarehe 6 Agosti 2019, jioni, ikaondoka Cape Canaveral katika safari yake ya tatu, laini kama bomba. Ilichoma mpaka tone la mwisho, ikaachana na hatua ya pili, ikapanda kidogo kwa msukumo uliobaki. Mashariki yake, kwenye Atlantiki, hakukuwa na tishari.